Sahihisho Kuhusu Machungwa ya Mama Yako

Bukavu, Nguba, Jumamosi alasiri

Nsimire,

Nguo zako ziko ndani ya valizi, pasipoti iko kwenye mfuko wa mbele, na Tante Zawadi amekwisha kukuambia yote yanayosemwa kuhusu baridi, makoti na watu wa kuwaogopa. Hayo siyarudii. Sasa hivi uko kwake Kadutu unaaga, na bila shaka anakulazimisha ule mara ya pili. Kesho asubuhi mpaka wa mto Ruzizi ukifunguliwa utavuka, na jioni utakuwa ndani ya ndege ya kwenda masomoni. Nina kama saa mbili kabla hujarudi.

Nimewafundisha vijana wengi pale redioni kwamba habari nzito haizungushwi, inakaa kwenye sentensi ya kwanza. Tazama, nimemaliza aya nzima na sijaisema. Basi ni hii: machungwa aliyokula mama yako hospitalini hayakuwa kosa lako. Daktari alikuwa ameyakataza siku mbili kabla. Alinikataza mimi, uso kwa uso, na mimi sikumwambia mtu yeyote.

Sasa nitakueleza jinsi ilivyokuwa. Nitasema ninachokijua, na pale nisipojua nitasema sijui.

Mama yako alikuwa na wiki ya tatu kitandani. Miguu ilikuwa imevimba, uso umevimba, na tulikuwa bado tunaambiana kwamba ni malaria iliyokaa vibaya. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Unajua jinsi hospitali zetu zinavyoendeshwa: mgonjwa analishwa na watu wake, na kila anayekuja kumwona anakuja na machungwa. Mtu hawezi kuingia pale mikono mitupu, na chungwa halihitaji sahani wala moto. Kwa hiyo chini ya kila kitanda kulikuwa na mfuko wa machungwa, na chini ya kitanda cha mama yako kulikuwa na mifuko miwili, kwa sababu wanakwaya wenzake walikuwa wamemletea ya Sange, yale ya bondeni yenye maji mengi ambayo aliyapenda kuliko yote.

Alhamisi asubuhi daktari alinikuta kwenye korido. Alikuwa kijana, mwenye haraka, lakini alinieleza vizuri. Alisema figo zimeacha kufanya kazi. Alisema kuna madini yaliyomo ndani ya vyakula, potasiamu, ambayo figo nzima huyatoa mwilini na figo zilizokufa huyaacha yajae kwenye damu, na yakijaa moyo unaweza kusimama. Akataja vyakula. Mimi nilitoa daftari langu na kuandika, kama ninavyoandika maneno ya mtu yeyote anayejua anachokisema. Daftari ninalo. Liko hapa mezani, nimelifungua kwenye ukurasa ule. Imeandikwa hivi, kwa mkono wangu: «Potasiamu. Machungwa, ndizi, avoka, nyanya: hapana kabisa. Viazi: kata vidogo, chemsha, mwaga maji. Kumwambia Zawadi.» Jina la Zawadi nimelipigia mstari chini.

Tante Zawadi ndiye aliyekuwa akilala pale kumwuguza dada yake. Alikuwa nyuma ya jengo anaanika mashuka, hatua chache tu. Simu yangu ikalia. Kule Luhwindja shimo la dhahabu lilikuwa limeporomoka na watu walikuwa ndani, na gari la redio lilikuwa tayari linaningoja barabarani. Nilitazama daftari, nikaona nimekwisha kuandika, nikalifunga. Nilishuka ngazi.

Nimefikiri sana juu ya dakika ile. Haraka ilikuwepo, lakini si yote. Mimi nikikiandika kitu, kichwa changu kinatulia kana kwamba kimekwisha kusemwa. Miaka yote hiyo kazi ilikwenda hivyo: ninaandika, na kabla ya jioni nchi nzima ya huku kwetu imesikia. Kwa hiyo nilipanda gari nikiwa na utulivu wa mtu aliyetimiza jambo. Hata njiani sikukumbuka. Ukurasa unaofuata ule wa daktari una majina ya wachimbaji waliotolewa wamekufa. Niliwauliza ndugu zao kila jina linaandikwaje, herufi kwa herufi, mara mbili, kwa sababu sikutaka mtu azikwe na jina lenye kosa. Karatasi moja tu, mwanangu. Upande huu mama yako, upande wa pili wale wafu wa Luhwindja.

Jumamosi hukuwa na shule. Tante Zawadi alikwenda nyumbani kuoga na kupika, akakuacha na mama yako. Yaliyotokea humo chumbani ninayajua kwako tu, kwa sababu ulinisimulia mara moja, ukiwa na miaka kumi na tatu, tukiwa tumekaa kwenye ngazi hizi za mbele. Ulisema mama alilalamika mdomo umekauka na una uchungu. Ulisema alikuambia, «Mama yangu, nipatie hata moja.» Alikuita mama yake, kwa kuwa wewe una jina la bibi. Ukamenya moja. Ukamenya la pili na la tatu. Uliyamenya kama yeye mwenyewe alivyokufundisha, ganda likitoka mkanda mmoja bila kukatika, na ule weupe wa ndani ukauacha, kwa sababu alikuwa anasema huo ni wa mifupa na wajinga ndio wanaoutupa. Ulimlisha kipande kwa kipande. Alicheka kwa kushiba, ulisema. Akakuambia, «Leo njo nimekula.»

Alikufa Jumapili alfajiri.

Mimi nilifika asubuhi ile kutoka Luhwindja nikiwa na matope mpaka magotini. Nilisimama mlangoni. Muuguzi alikuwa ameona maganda ndani ya beseni, ile mikanda mitatu mirefu, na alikuwa akiuliza kwa sauti kubwa.

«Ni nani alimupatia machungwa? Si docteur alikatazaga?»

«Alikataza kwa nani?» Tante Zawadi akamjibu. «Mi niko hapa wiki tatu nzima. Hakuna mutu aliniambia.»

«Aliambia famille.»

«Famille gani? Famille ni mimi.»

Na wewe ukasema, ukiwa umesimama karibu na dirisha na sweta yako ya shule, «Ni mimi nilimupatia. Aliniomba.»

Wote wakageuka kukutazama. Mimi nilikuwa na daftari mfukoni. Nilikuwa nalisikia, kama mtu anavyosikia jiwe ndani ya kiatu. Ilikuwa sentensi moja tu: docteur aliniambia mimi. Nilifungua mdomo nikasema, «Mutoto hakujua.»

Nadhani hilo ndilo kosa lenyewe. Kusahau kunaweza kumpata mtu yeyote, na pengine ningekuambia siku ile ile ungeninunia mwaka mmoja kisha tungelia pamoja. Lakini nilisema hukujua, na kila mtu akalishika neno hilo. Tante Zawadi alilisema kwenye kilio. Padri alilisema. Akina mama wa kwaya walikukumbatia mmoja mmoja wakikuambia, «Usilie, hukujua.» Lilikuwa neno la huruma, na kila aliyelisema alikukabidhi upya kile kifo. Maana aliyeambiwa hakujua, ameambiwa pia kwamba ni yeye aliyetenda. Ulikuwa ukiitika kwa kichwa. Niliona. Nina kazi ya kuona.

Kuanzia hapo machungwa hayakuingia tena ndani ya nyumba hii. Hakuna aliyekataza. Msimu ulipofika na barabara ya Uvira ikajaa mifuko myekundu ya machungwa, tulipita tukizungumza habari nyingine.

Sasa nikuambie jambo kuhusu kazi yangu, maana utaniuliza, nami ningependa ulipate kwangu. Redioni tuna kitu tunachokiita rectificatif. Ukitangaza kosa, unarudi hewani unasema tulikosea, ukweli ni huu. Siku moja nilisema soko la Minova limefungwa kumbe lilikuwa limefunguliwa, na wanawake waliacha kushusha maharage yao kwenye mashua kwa sababu ya sauti yangu. Kabla ya saa moja kupita nilikuwa nimerudi kwenye mikrofoni. Vijana walishangaa, muzee mzima anaomba msamaha kwa ajili ya soko. Nikawaambia kosa lililosahihishwa siku ile ile ni dogo, na kila siku unayoliacha linakua. Waliandika maneno hayo. Mimi nilikuwa nayasema huku nikijua kwamba ndani ya kabati langu kuna daftari.

Kisha ukakua, ukaingia chuo, ukasoma kemia, na ulipofika wakati wa mémoire, ule utafiti wa kumalizia masomo, ukaja mezani ukaniambia umechagua madini yaliyomo ndani ya chungwa. Nikakuuliza kwa nini chungwa. Ukasema, «Nataka kujua, papa.» Ukanitazama, ukangoja kidogo. Huenda ulikuwa unaningoja mimi niseme kitu. Nilikuuliza kama labo, ile maabara yenu, ina umeme wa kutosha.

Ukaleta machungwa ya Sange hapa nyumbani, gunia zima, na baada ya miaka yote ile nyumba ikanukia tena kama alivyokuwa ananukia mama yako. Uliyagawa juu ya meza ya jikoni: ganda la nje peke yake, ule weupe peke yake, ngozi nyembamba za vipande, nyama yenye maji, mbegu. Ukavianika kwenye ungo juu ya ukuta. Unamkumbuka Tonton Bahati, jirani, alivyokuwa anakuchokoza?

«Docteur, uko natafuta dhahabu mu machungwa? Ukiipata uniambie, mi niachane na hii kazi ya kuendesha teksi.»

«Hakuna dhahabu, tonton. Iko potasiamu tu.»

«Potasiamu! Na hiyo iko na comptoir ya kununua, kama ya dhahabu?»

Ulicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Mimi nilikuwa dirishani na sikucheka. Nimeripoti madini ya milima hii tangu nikiwa kijana, nimehesabu malori, nimehoji wachimbaji na wanajeshi, na madini yaliyoingia nyumbani kwangu yaliingia ndani ya mfuko wa zawadi ya wanakwaya.

Siku nyingine ulikuja na kikombe kidogo cha kauri kutoka labo. Ndani kulikuwa na majivu meupe, kiasi cha kujaza kucha. Ukaniambia mnachukua sehemu ya chungwa iliyokauka, mnaitia kwenye tanuru mpaka kila kinachoweza kuungua kinaungua, na kinachobaki ni madini. «Angalia, papa. Maji imeenda, sukari imeenda, harufu imeenda. Hii inabakiaga.» Nikakuuliza kama hiyo haiungui hata ukiongeza moto. Ukasema moto wa tanuru yenu hauimalizi. Nilikwenda nje nikajifanya napokea simu.

Jambo moja ulilolipata lilikufurahisha kweli. Ulirudi jioni ukapiga kelele kutoka langoni kwamba ule weupe, ule ambao kila mtu anautupa, una kalsiamu nyingi kuliko maji ya chungwa. «Maman alikuwa na haki! Ni ya mifupa!» Ulikuwa umesimama pale na mkoba begani, na kwa muda mfupi ulikuwa binti wa mama yako bila kitu kingine juu yake. Ningetoa mengi nikuone hivyo tena. Kisha ukaketi, ukasema kwa sauti ya chini kwamba potasiamu umeikuta kila mahali, ndani ya kila sehemu, na kwamba yale maji matamu ambayo wagonjwa huyaomba yanayo nyingi. Ukakata kucha kwa meno. Unafanya hivyo tangu una miaka kumi na mmoja.

Siku ya kuitetea kazi yako nilikaa mstari wa tatu. Profesa mmoja alikuuliza kwa nini utafiti wa chungwa una sura nzima juu ya wagonjwa wa figo. Ulijibu bila kutikisika kwamba mgonjwa wa figo ana haki ya kujua anakula nini, na watu wa nyumbani kwake pia, na kwamba mara nyingi wa nyumbani hawaambiwi. Ukatazama karatasi yako. Walipiga makofi. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika neno. Ulikuwa umesema mbele ya watu wote kwamba hamkuambiwa, na aliyeambiwa alikuwa amekaa pale na suti.

Usidhani nimekaa miaka yote bila kujaribu kupima uzito wa kosa langu. Niliwahi kumtafuta daktari mwingine, mtu mzima, nikamdanganya kwamba natayarisha kipindi juu ya figo. Nikamweleza mgonjwa asiye na jina. Alinisikiliza, akasema, «Bila mashine ya kusafisha damu, ule mama alikuwa na siku chache tu. Machungwa inaweza ilisukuma. Inaweza haikufanya kitu. Kama damu haikupimwa ile siku, hakuna mutu atakuambia.» Damu haikupimwa. Kwa hiyo sijui, na wewe hutajua, hata ukisoma huko uendako mpaka mvi zikuote. Sikuambii hivi kukutuliza. Ninajua kwamba onyo lilitolewa, ninajua lilimfikia nani, na ninajua liliishia wapi. Lilikuja kwangu likaishia kwangu. Mikono yako ilimenya tu machungwa ambayo mama alimwomba binti yake.

Ningeweza kuendelea kunyamaza. Nilikuwa nimejizoeza. Kilichonivunja ni Jumapili iliyopita, tukila, wewe na mimi tu. Ulisema kwamba huko utaendelea na vyakula vya wagonjwa wa figo. Ukasema, ukitazama sahani, «Mi nataka tu kutengeneza ile niliharibisha.»

Nami nikakuambia, «Kula, mama, chakula inapoa.»

Nimelala na sentensi hiyo wiki nzima. Unaiacha nyumba yako na lugha yako, unakwenda kutumia ujana wako kutengeneza kitu ambacho hukukiharibu. Kama unaipenda kazi hiyo, nenda ukaifanye, utaifanya vizuri. Lakini kama unakwenda kwa sababu ya beseni lile la maganda, ni lazima ujue kabla hujavuka mto kwamba unakwenda kwa sababu ya uongo wangu. Ukishajua, amua wewe. Hata ukiamua kesho asubuhi, na gari likiwa langoni.

Sina ushauri mkubwa. Nina huu mmoja, na nimeupata kwa bei mbaya: watu wakikuambia hukujua, waulize nani alijua. Ungeuliza siku ile ungeniona nimesimama mlangoni. Ulikuwa mtoto na hakuna aliyekufundisha kuuliza hivyo, nami ambaye kuuliza ndiyo kazi yangu nilifurahi kwamba hukuuliza.

Tante Zawadi hajui bado. Kesho nikitoka mpakani nitapanda moja kwa moja Kadutu nimwambie. Atapiga kelele, ana haki. Alikubeba mgongoni siku ya mazishi na moyoni alikuwa anakusamehe kitu, na amekusamehe kila mwaka tangu hapo. Hilo pia nimemwibia.

Nawe huenda usinisamehe. Huenda ukavuka bila kunitazama, na simu ikakaa kimya miezi. Nimejiambia kwamba nitalibeba hilo, na mara nikaona kwamba sijui kama nitaweza. Wewe ndiye pekee niliyebaki naye. Ninaandika hilo kwa sababu ni kweli. Usilitumie kupima chochote.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya valizi, chini ya sweta ya bluu, pamoja na daftari, uikute ukishafika. Nilikuwa nimekwisha kuikunja. Nikaona ninachokifanya: ninaandika, ninafunga, ninashuka ngazi. Ni Alhamisi ile ile. Kwa hiyo nimeikunjua. Haitaingia ndani ya valizi. Nitakusomea mimi mwenyewe, kwa sauti, hapa mezani, kuanzia sentensi ile niliyochelewa kuiandika, na nikishindwa katikati utanisubiri au utaniacha, lakini utakuwa umesikia kwa mdomo wangu.

Lango limelia. Nakusikia unamwambia Tonton Bahati kwaheri, naye anakuambia umletee majivu ya kizungu. Unavua viatu kwenye ngazi. Daftari liko wazi upande wako wa meza.

Ingia, Nsimire. Usiende jikoni kwanza. Kaa.